Kompyuta za Kuchorea: Zilivyotukuka, Zilivyoanguka, na Zilichotuachia



Katika nyumba zetu nyingi siku hizi mna simu yenye kioo, na katika kioo hicho watoto huona ndege zikipaa, magari yakishindana mbio, na majumba yakigeuka pande zote kama kwamba mtazamaji anayazunguka kwa miguu yake. Huona wakastaajabu, kisha wakazoea. Na aliyezoea haulizi. Ni wachache mno wanaouliza: picha hizi zachorwa na nini, na ni nani walioanza kuzichora namna hii?

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari ya mashine zilizoifungua njia hiyo, nazo ni kompyuta za kuchorea zilizotumia mfumo wa Unix. Nyingi katika zile mashuhuri ziliundwa California, Marekani, tangu mwanzo wa miaka ya 1980 mpaka miaka ya kwanza ya karne hii. Zilikuwa vyombo vya fahari na vya gharama kubwa. Kisha, katika muda usiozidi umri wa kijana mmoja, zikashuka hata zikawa vitu vya kutupwa. Kijana atakayeijua sababu ya kupanda kwake na sababu ya kushuka kwake, hapana shaka atakitazama kwa jicho jingine chombo alicho nacho mkononi.

Uzito wa kazi ya kuchora

Kwanza tuyafahamu maneno yenyewe. Unix ni programu kuu, yaani ile inayozitawala programu nyingine zote na kugawa kazi ndani ya kompyuta. Ilianza kutungwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, na sifa yake kubwa ni kuweza kuendesha kazi nyingi kwa mara moja bila ya moja kuivuruga nyingine. Zamani hizo kompyuta yenye nguvu ilikuwa kubwa kama kabati, na watu wengi walishirikiana kuitumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikatokea kampuni zilizosema: kila mhandisi na awe na kompyuta yake mezani, yenye Unix, yenye kioo kikubwa, na iliyounganishwa na za wenzake kwa mtandao. Miongoni mwao ni Sun, iliyoanzishwa mwaka 1982, na jina lake limetokana na herufi za mwanzo za mtandao wa Chuo Kikuu cha Stanford. Na miongoni mwao ni Silicon Graphics, ambayo ndiyo iliyoifanya kazi ya kuchora kuwa sanaa yake hasa.

Kwa nini kuchora kuhitaji mashine ya peke yake? Sababu ni hesabu. Umbo, tuseme la jahazi, huvunjwa katika vipande vidogo vya pembetatu. Kila ncha ya pembetatu huandikwa kwa tarakimu za kuonyesha mahali ilipo, na jahazi likigeuka kidogo tu, kila ncha lazima ihesabiwe upya. Hesabu ya kuigeuza ncha moja ina kuzidisha mara 16. Jahazi lenye pembetatu 10,000, tukizihesabu ncha zake tatu tatu, lina ncha 30,000. Basi picha moja yahitaji kuzidisha mara 480,000. Na ili jicho lione mwendo, wala lisione picha zikikatika-katika, yafaa zichorwe picha 30 kwa sekunde moja. Hapo kuzidisha kwafika mara 14,400,000 katika sekunde hiyo moja, na bado hatujatia rangi wala kivuli. Prosesa ya Motorola 68000, iliyokuwamo katika kompyuta za kwanza za Sun na za Silicon Graphics, haikuwa na nguvu ya kuikaribia hesabu hiyo.

Jiko la watu kumi na wawili

Aliyelitatua jambo hili ni James Clark, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Stanford. Bwana huyu aliacha shule akiwa kijana, akaingia katika jeshi la majini la Marekani, na huko ndiko kipawa chake cha hesabu kilikodhihirika. Akarudi masomoni, akaendelea hata mwaka 1974 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Utah. Huko Stanford, pamoja na mwanafunzi wake Marc Hannah, alitunga chipu waliyoiita Geometry Engine, maana yake mashine ya jiometri. Chipu hii haikujua kuandika barua wala kuweka daftari la duka. Kazi yake ilikuwa moja tu: hesabu za maumbo.

Wala hakuiweka moja. Mpango alioueleza mwaka 1982 ulikuwa na chipu kumi na mbili zilizopangwa mstari mmoja, kila moja ikimpokea aliyetangulia na kumpa anayefuata. Nne za kwanza zilifanya kazi ya kugeuza umbo. Sita zilizofuata zilikuwa za kukata yale yasiyoonekana, moja kwa kila upande: kulia, kushoto, juu, chini, karibu mno na mbali mno. Mbili za mwisho zilipima, zikayageuza yaliyobaki yawe nukta za kioo, hata kitu cha mbali kionekane kidogo na cha karibu kikubwa.

Mfano wake ni jiko la harusi. Mpishi mmoja akivunja nazi mwenyewe, akaikuna, akalikamua tui, akauchagua mchele na kuupika, wageni watalala na njaa. Lakini akiwapo wa kuvunja, wa kukuna na wa kukamua, kila mmoja ameishika kazi yake na kumpokeza mwenziwe, basi nazi ya kwanza haijafika chunguni na ya kumi imekwisha kuvunjwa. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nguvu ya mashine hizi haikuwa katika mbio za prosesa moja; ilikuwa katika kugawana kazi na kupokezana vyema.

Loho mbili na daftari la umbali

Clark na wenzake wakatoka chuoni wakaanzisha Silicon Graphics, na kufikia mwaka 1984 kampuni ilikuwa ikiuza kompyuta ilizozipa jina la IRIS. Baadaye ikaziacha prosesa za Motorola ikachukua za MIPS, na hatimaye mwaka 1992 ikainunua kampuni ya MIPS yenyewe. Kioo chake kilipokomaa kilikuwa na nukta 1,280 kwa upana na 1,024 kwa kimo, ambazo jumla yake ni nukta 1,310,720. Na kila nukta ina rangi yake ya kuhifadhiwa katika kumbukumbu. Ndani ya kumbukumbu hiyo mlikuwa na mipango miwili inayostahili kufahamika, kwa kuwa ingali inatumika mpaka leo.

Wa kwanza ni kuweka picha mbili badala ya moja. Waliosoma vyuoni kwa loho wataufahamu upesi. Mwanafunzi anaposoma loho moja, mwalimu huwa anaandika ya pili. Ikiisha kuandikwa hubadilishana, na mwanafunzi hauoni wino ukiwa mbichi. Mashine nayo huonyesha picha iliyokamilika huku ikichora nyingine kwa siri. Ikimaliza, huzibadilisha kwa mara moja. Kwa hivyo jicho halioni picha nusu nusu.

Wa pili ni daftari la umbali. Kwa kila nukta huandikwa umbali wa kitu kilichochorwa hapo. Kikija kitu kingine juu ya nukta ile ile, mashine hulinganisha: kikiwa karibu zaidi hukifunika cha kwanza, na kikiwa nyuma huachwa. Ndiyo maana mlingoti ulio mbele huficha tanga lililo nyuma, wala haihitajiki mchoraji kukaa akifikiri kipi kianze na kipi kifuate. Daftari hili hula kumbukumbu nyingi, na zamani hizo kumbukumbu ilikuwa ghali; ndipo mtu anapoanza kufahamu bei ya mashine hizi ilitoka wapi.

Mwaka 1992 kampuni ilitoa mtambo wa michoro ulioitwa RealityEngine. Ulipojazwa kamili ulikuwa na prosesa 12 za jiometri, na mbao nne za kumbukumbu ya picha, kila ubao una chipu 80 za kutunza nukta. Jumla yake chipu 320. Mtambo huo uliweza kuvika maumbo picha za mbao, mawe au ngozi, na kuzilainisha kingo zake, ungali unakwenda. Mashine kubwa za aina hiyo ziliuzwa kwa malaki ya dola. Walizinunua waliofundisha marubani bila ya kuwarusha angani, walioziunda ndege na motokari, na wenye kuchunguza maumbile ya mwili na ya ardhi. Wakazinunua na wenye kutengeneza filamu: wanyama wa kale walioonekana wakitembea katika Jurassic Park ya mwaka 1993, wale waliochorwa kwa kompyuta walitoka katika mashine za Silicon Graphics. Na filamu ya Toy Story ya mwaka 1995, ya kwanza ndefu iliyochorwa yote kwa kompyuta, picha zake za mwisho zaidi ya 110,000 zilikamilishwa na kompyuta 117 za Sun.

Ghala moja na njia nyingi

Zilikuwapo na mashine ndogo. Indy ilitoka mwaka 1993, bapa na ya rangi ya buluu, ikiwa na kamera yake ndogo ya kuwekwa juu ya kioo, wakati ambapo watu wengi hawakuwa wamewahi kufikiri kompyuta na kamera vina ujamaa gani. Mwaka 1996 ikatoka O2. Katika mashine nyingi prosesa ina kumbukumbu yake na michoro ina yake. O2 ilikuwa na ghala moja la wote. Faida yake, picha ya video iliyoingia ghalani haikuhitaji kuhamishwa hapa na pale, kila mwenye haja aliifuata pale pale. Hasara yake, mlango wa ghala ulikuwa mmoja, na siku ya kazi nyingi walisongamana.

Octane ya mwaka 1997 ilikwenda njia nyingine. Badala ya kupitisha kila kitu katika barabara moja, iliwekewa kituo cha njia panda katikati, hata prosesa iweze kuzungumza na kumbukumbu wakati huo huo michoro na video zikizungumza zao, wala mmoja asimngojee mwenzake. Tazameni basi: mashine mbili za kampuni moja, zimetofautiana mwaka mmoja tu, na kila moja ina rai yake juu ya swali lile lile la nani apite wapi. Huu ndio uhandisi. Prosesa yenye mbio ikifungiwa katika njia nyembamba, mbio zake hazimfai mtu.

Kikulacho ki nguoni mwako

Mtu atauliza: ikiwa ziliundwa vyema hivyo, zilianguka kwa nini? Hazikushindwa na mashine bora zaidi. Zilishindwa na mashine rahisi zaidi, tena zilizoundwa na wanafunzi wa sanaa ile ile. Curtis Priem na Chris Malachowsky, waliokuwa wakitengeneza michoro ya kompyuta za Sun, mwaka 1993 walianzisha Nvidia pamoja na Jensen Huang. Mwaka 1994 watu waliotoka Silicon Graphics wakaanzisha 3dfx. Hawa hawakuuza kompyuta nzima. Waliuza kadi moja ya kuchomekwa katika kompyuta ya kawaida, kwa bei ambayo kijana mcheza michezo aliweza kuidunduliza. Silicon Graphics yenyewe ilishiriki katika kuishusha sanaa hii: ndiyo iliyoibuni michoro ya Nintendo 64, chombo cha kuchezea watoto kilichotoka mwaka 1996.

Hatimaye mwaka 1999 Nvidia ikatoa kadi ya GeForce 256, iliyofanya ndani ya chipu moja hesabu zile zile za kugeuza maumbo ambazo Clark alizigawa kwa chipu kumi na mbili. Aliyeuza kwa wachache kwa bei kubwa hakuweza tena kushindana na aliyeuza kwa mamilioni ya watu kwa bei ndogo, kwa kuwa huyu wa pili alirudisha gharama ya kila chipu mpya upesi na kutunga nyingine. Tena Silicon Graphics ilikuwa imeamua kuziacha prosesa zake za MIPS na kuzingojea za Itanium kutoka Intel, nazo zikachelewa. Mwaka 2006 kampuni iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika, na mwishoni mwa mwaka huo ikaacha kuunda kompyuta za MIPS. Mwaka 2009 ikafilisika mara ya pili, mali yake ikauzwa. Sun nayo ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010. Na katika mji wa Mountain View, jumba moja lililokuwa la Silicon Graphics ndimo ilimo leo makumbusho ya historia ya kompyuta. Walioiunda kesho ya watu, nyumba yao imekuwa ya kuhifadhia jana.

Lakini elimu haikuzikwa pamoja na kampuni. Mwaka 1992 Silicon Graphics iliifungua lugha yake ya kuamrisha michoro, ikaiita OpenGL, ili makampuni mengine nayo yaitumie. Kutokana na lugha hiyo ikazaliwa nyingine ndogo ya simu, OpenGL ES, ambayo simu nyingi za Android zaifahamu. Mgawanyo wa kazi, loho mbili, daftari la umbali, vyote vimo katika simu iliyo mfukoni mwa kijana wetu.

Maradhi ya uzee

Ama mashine zenyewe, zilizobaki zimo mikononi mwa wapenzi wanaozifufua katika nchi mbalimbali. Kinachoziua mara nyingi si kitu kikubwa. Ndani ya Indy, na ndani ya kompyuta nyingi za Sun za zama hizo, mna chipu ya saa ambayo betri yake ndogo imezikwa ndani ya gamba la chipu yenyewe. Betri hiyo ilikusudiwa kuishi kiasi cha miaka kumi. Ikifa, mashine husahau saa, husahau maagizo iliyowekewa, na husahau hata namba inayoitambulisha katika mtandao. Mashine ya maelfu ya dola yapotewa na jina lake kwa sababu ya betri ya senti chache. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mafundi wenye subira huchubua gamba lile polepole, wakaunga betri mpya kwa nyaya mbili, na mashine ikarudiwa na fahamu.

Yako na maradhi mengine. Diski zake za zamani huchakaa, nao huziondoa wakaweka kadi za kumbukumbu zenye kijisanduku cha kutafsiri lugha ya diski hizo. Kebo ya kioo ina ncha 13, tatu nene na kumi nyembamba, na Sun na Silicon Graphics hawakuzipanga kwa namna moja. Tena nyingi hupitisha alama ya mapigo ya picha pamoja na rangi ya kijani, na vioo vingi vya leo visivyoifahamu hubaki vyeusi, mtu akadhani mashine imekufa. Plastiki ya O2 imekuwa kavu, huvunjika kama kaki. Na viunganishi vya ndani ya Octane ni laini mno. Akivigusa kwa kidole asiyejua, huviharibu.

Hapa twatoa onyo kwa vijana. Kioo cha zamani chenye mgongo hubakiza umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Kisifunguliwe kamwe na mtu asiyefundishwa. Kisanduku cha umeme cha kompyuta nacho ni vivyo hivyo.

Neno kwa wazazi na kwa vijana

Wazazi wengi hukasirika wakimwona kijana ameleta nyumbani kompyuta iliyokufa, wakasema ameleta takataka. Wana haki ya kuuliza itakaa wapi na itakula umeme kiasi gani. Lakini wasiikate rai yake kabla ya kusikia anataka kufanya nini. Simu ya leo imegandishwa kwa gundi, na yote yaliyokuwa mbao tano au sita yamebanwa katika chipu moja isiyofunguka. Atakayeifungua ataona vijiwe vyeusi tu. Mashine ya zamani huonyesha viungo vyake: O2 yavutwa ubao wake mkuu kwa nyuma, na Octane kadhalika, na mtu huweza kukiweka kidole penye prosesa, penye kumbukumbu, na penye njia inayoviunganisha. Kuwa na chombo kipya si kujua kilivyo. Na mara nyingi kile cha zamani ndicho kinachofundisha.

Na wote pamoja tuzingatie jambo la mwisho. Katika diski za kompyuta hizi mlihifadhiwa kazi za watu za miaka mingi: michoro ya vyombo, hesabu za utafiti, picha. Nyingine zilinakiliwa kwa wakati, na nyingine zilibaki humo mpaka hapakuwa na mashine ya kuzisoma. Leo picha za arusi za watoto wetu na sauti za wazee wetu waliotangulia tumeziweka katika simu moja, nayo ina betri yake na ina umri wake. Usiache mbachao kwa msala upitao: kabla simu haijafa, au haijauzwa kwa tamaa ya mpya, nakili yaliyomo uyaweke mahali pawili. Ni kazi ya jioni moja, na kijana yule yule aliyeleta takataka nyumbani ndiye atakayejua kuifanya.